Kujinasua kwenye roba: niliyojifunza mazoezini baada ya kukabwa Kitangiri

Roba, yaani kukabwa shingoni kutoka nyuma ili uibiwe, haikupi muda wa kugeuka. Ugomvi wa kawaida huanza kwa maneno, watu wakasukumana, ndipo ngumi zikafuata, na katikati ya hayo unaweza kuondoka. Mkabaji hutokea nyuma. Mkono unapita shingoni, unavutwa kinyumenyume mpaka visigino vinaachana na ardhi, na mwenzake tayari yuko mbele yako anakusachi. Mimi yalinikuta kwenye njia ya mawe ya Kitangiri, Mwanza, alfajiri, nikishuka kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba na hela ya mzigo wa dagaa kibindoni. Naandika haya kwa ajili ya wanawake wenzangu wa Mwaloni, mawakala wa simu, dada wanaofunga baa usiku, wanafunzi waliopanga huko juu milimani, na yeyote ambaye riziki yake inampitisha gizani.

Watu huniambia, "Si ungesubiri kupambazuke?" Anayejua biashara yetu hawezi kusema hivyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza la mwezi, na mzigo wa visiwani ukifika mwaloni anayewahi ndiye anayechagua. Anayechelewa anakuta wanunuzi wakubwa, hata wale wanaopeleka Congo, wamekwisha kuweka alama kwenye magunia yote mazuri. Kwa hiyo tutaendelea kutoka na giza. Swali ni tunatoka tukiwa na nini mwilini.

Tukio lenyewe lilikuwa fupi mno. Nakumbuka kigasha kikigandamiza koromeo, harufu ya moshi kwenye sweta, na sauti ikisema karibu kabisa na sikio, "Tulia, mama." Mikono yangu haikwenda shingoni. Ilikwenda kibindoni, kushika hela. Baadaye kocha aliniambia ameona hivyo kwa wengi: mikono hukimbilia kile ulichokuwa ukikiwaza, na mimi tangu nyumbani nilikuwa naiwaza ile hela. Walichukua kila kitu, na simu pia. Nikabaki nimepiga magoti kwenye mawe, nakohoa.

Kabla sijafika kwenye mazoezi, kuna jambo la afya ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyekabwa shingoni aende hospitali hata kama haoni alama. Mimi nilitaka kwenda kazini. Jirani yangu, mama mtu mzima, ndiye aliyenishika mkono tukapita polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu ya polisi, na kwenda kutibiwa. Daktari alinishusha kope ya chini, akamulika tochi, akitafuta vidoa vyekundu machoni. Akaniuliza kama nameza vizuri, kama sauti imebadilika, kama nilipoteza fahamu au kujikojolea. Alinieleza kwamba koo linaweza kuvimba saa kadhaa baada ya tukio, na mishipa ya damu ya shingo inaweza kuwa imeumia ndani bila ngozi kuonyesha chochote. Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza kwa muda mrefu, na ugali nilikuwa naushusha kwa maji. Ukiona mtu aliyekabwa anapumua kwa shida, anashindwa kumeza, anaumwa kichwa sana au upande mmoja wa mwili unalegea, usingoje asubuhi.

Hela niliirudisha taratibu kupitia kikoba. Kilichonitesa zaidi ni mwili kukataa kuguswa. Nilishindwa kukaa kwa msusi. Kanga ikinizunguka shingoni naivua. Siku moja mwanangu wa mwisho alinirukia mgongoni alivyozoea, nami nikamrusha akaenda kugonga meza. Alilia, nikalia zaidi yake. Hapo ndipo nilipomwambia mume wangu kwamba nahitaji kujifunza kujihami, na kwamba nahitaji zaidi kujua mwili wangu utafanya nini.

Mahali pa kwanza nilipokwenda sipataji, kwa sababu watu wake walikuwa wakarimu na vijana wao wa mashindano ni hodari. Lakini kwa jambo lililonikuta mimi, mafunzo yao hayakufaa. Tulisimama wawili wawili, mmoja anamshika mwenzake kwa upole, anatulia kama mti, wa pili anafanya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya tano. Inapendeza kutazama. Nilipofika nyumbani nikamwomba binamu yangu, kijana anayebeba magunia mwaloni, anikabe kweli kidogo. Hatua ya kwanza yenyewe haikufika. Alinivuta nyuma, nikawa sina miguu, na zile hatua tano zikatoka kichwani zote. Mazoezi ambayo anayekushambulia anasubiri umalize zamu yako yana kazi yake, lakini kazi hiyo si kukutoa kwenye kichochoro.

Kocha wa pili nilielekezwa na dada mmoja muuza mitumba. Alikuwa ametoka kwenye judo, na ukumbi wake mdogo ulikuwa Nyamanoro: magodoro ya zamani yamepangwa sakafuni, juu yake turubai limevutwa na kufungwa kamba. Ada ilikuwa elfu thelathini kwa mwezi, ongeza bodaboda ya kurudi usiku. Kwa mfanyabiashara mdogo hiyo si hela ya kuchezea, na iko miezi niliyolipa nusu nikaomba subira.

Nilitegemea anifundishe kupiga. Akaanza na kuanguka. Judo tangu Kano Jigoro alipoianzisha Japani mwaka 1882 humfundisha mtu kwanza namna ya kukutana na ardhi: kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, mkono ulionyooka upige chini kabla ya mgongo, pumzi itoke. Niliona ananipotezea muda, mpaka nilipokumbuka kwamba kwenye mawe ya Kitangiri ningeweza kufa kwa kisogo kuliko kwa roba. Na kukunja kidevu kwa ajili ya kuanguka ndiko kulekule kukunja kidevu kwa ajili ya kukabwa. Kocha alikuwa ananipa jambo moja kwa matumizi mawili, nami sikujua.

Sasa roba yenyewe. Alitueleza kwanza kuna nini shingoni. Mkono ukibana mishipa miwili ya damu ya pembeni sawasawa, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kama 10 hata kama hewa inapita. Mkono ukigandamiza koromeo kwa mbele, maumivu ni makali na hewa inakatika. Kwa vyovyote vile, mwenye muda si wewe. Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla ya kupiga na kabla ya kuwaza ni nani, mikono yote miwili inaruka juu na kunasa kigasha, vidole vikiwa pamoja kama ndoano, na kukivuta chini kifuani kwa uzito wa mwili mzima, si kwa nguvu ya mabega. Wakati huohuo kidevu kinashuka na uso unageukia upande wa kiwiko chake, kwa sababu pale kwenye mkunjo wa kiwiko ndipo penye nafasi ndogo ya kupumua. Halafu nyonga zinashuka. Hili la nyonga ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Mtu akivutwa nyuma hujinyoosha, anasimama kwa vidole vya miguu, na hapo anabebeka. Ukiketi hewani kidogo, magoti yakakunjwa, mguu mmoja ukatafuta ardhi pembeni, ghafla wewe ni gunia zito. Mwanamke mwenzangu mwenye umbo dogo alimwelemea kijana mkubwa kwa hilo tu.

Baada ya hapo ndipo mapigo: kiwiko kwenye mbavu, kisigino kikishuka juu ya unyayo wake, mara nyingi mfululizo, bila kuachia ule mkono. Akilegea, unageuka umtazame, unasukuma, unakimbia. Kukimbia ni sehemu ya zoezi. Kocha alikuwa anatukatalia kusimama tukishangilia baada ya kujinasua. Ilibidi kila mmoja akimbie mpaka mlangoni, aguse ukuta, ndipo zoezi lihesabike.

Tahadhari hii nataka isomwe na kila anayefundisha. Kijana mmoja kwenye kikundi chetu hakutaka kugonga. Sheria ni kwamba ukizidiwa unapiga kiganja mara mbili kwenye mwili wa mwenzako, naye anaachia papo hapo. Yeye alitaka kuonyesha uvumilivu, akazimia mikononi mwa mwenzake, macho wazi. Kocha alimlaza ubavu, akazinduka upesi, mazoezi yakafungwa na kijana akapelekwa kuchunguzwa. Tangu siku ile tulifanya karibu roba zote mkono ukiwa juu ya kifua, chini ya mifupa ya mabega, na nguvu yote ikawekwa kwenye kuvuta nyuma. Hatukupoteza kitu, kwa kuwa kinachomshinda mtu mwanzoni ni kule kuvutwa na kushtuka. Mjamzito, mwenye presha au aliyewahi kupata kiharusi asikabwe shingoni hata kwa mazoezi.

Zoezi lililonibadilisha lilikuja baadaye. Kocha alifungulia redio kwa sauti kubwa, akapunguza taa, akatuambia tutembee ukumbini kila mtu na njia yake, macho chini kama watu wanaotafuta kitu. Yeyote aliweza kukufikia kwa nyuma. Mmoja anakukaba. Mwingine anakushika bega tu na kusema, "Mama, umeangusha kanga." Mwingine anapita. Hujui nani ni nani. Mara za mwanzo niliganda. Nasimama, sipumui, namngoja mtu afanye atakalo. Mara nyingine nilimpiga kiwiko dada aliyekuja kunisalimia, nikamtoa machozi. Nililia ukumbini zaidi ya mara moja, na hakuna aliyenicheka. Mwanamume mmoja, dereva wa hiace za Buzuruga, alikaa chini pembeni akatetemeka mikono mpaka akashindwa kufunga viatu, kwa kuwa naye alikuwa na lake la zamani. Kocha alitueleza kwamba kule kutetemeka ni mwili unamaliza adrenalini uliyoimwaga, hakumaanishi woga wala udhaifu, na ukimtazama mtu aliyetoka kushambuliwa akitetemeka hivyo, mpe maji na umkalishe, usimhoji.

Taratibu mwili ulianza kuchagua. Mshtuko wenyewe hauondoki, na haufai kuondoka: mtu akishtuliwa hukunja shingo na kunyanyua mikono bila kufundishwa na yeyote. Tulichofanya ni kuuelekeza mshtuko huo, mikono ipande moja kwa moja shingoni badala ya kwenda kibindoni. Ndiyo maana kocha alikataa kutufundisha njia nyingi. Alitutajia mwanasaikolojia wa Uingereza, Hick, ambaye mwaka 1952 alionyesha kwamba kadiri chaguo zinavyoongezeka, ndivyo mtu anavyochelewa kuamua. Basi sisi tulikuwa na jibu moja la shingo, tukalirudia mpaka likatuchosha.

Nilijifunza pia kwamba mazoezi ya suruali na miguu mitupu hayanihusu. Nilimwomba kocha ruhusa, nikaja na kanga zangu mbili, kandambili, na ndoo mkononi. Ikaonekana mara moja: kanga iliyofungwa kwa kubana hainipi hatua ya pembeni, na kandambili zinateleza ninaposhusha nyonga. Sasa ndani navaa taiti, kanga naifunga kwa kuachia nafasi ya goti, na mlima naushuka kwa raba; kandambili ziko kwenye mfuko. Ndoo nayo ina somo lake. Ukiwa umeshika kitu, vidole hukikumbatia zaidi unaposhtuka, kwa hiyo tulifanya zoezi la kuachia tu. Unatembea na ndoo, mtu anakugusa, ndoo inaanguka. Linaonekana la kitoto, lakini lilinichukua wiki nyingi.

Kuhusu kisu nitasema wazi ili mtu asidanganyike. Kocha alitugawia fulana nyeupe na kalamu za wino mwekundu, za kuandikia maboksi. Mwenye kalamu ndiye mwenye kisu. Hakuna aliyetoka msafi, hata kocha mwenyewe. Mistari ilikuwa tumboni, kwenye vigasha, mmoja shingoni, na mwenye fulana hakuhisi ilipopita. Alitueleza kuhusu askari wa Salt Lake City, Marekani, aliyeitwa Dennis Tueller, ambaye mwaka 1983 aliandika kwamba mtu mwenye silaha ya mkononi anaweza kumaliza futi 21, yaani zaidi ya mita 6, kwa sekunde moja na nusu hivi. Tukapima ukumbini kwa hatua, tukajaribu. Ni kweli. Kwa hiyo mtu akinionyesha kisu na kutaka hela, hela naitupa upande mmoja na mimi nakimbilia upande mwingine. Anayekuonyesha video za kunyang'anya kisu kwa mkono mtupu, mwombe kwanza avae fulana nyeupe.

Umbali huohuo ndio unaofanya salamu ya njiani iwe jambo la kufikiriwa. "Samahani mama, saa ngapi?" Sisi ni watu wa kusalimiana, na mimi sitaki kuwa mtu asiyejibu. Najibu nikiendelea kutembea, nikimwachia nafasi kubwa, mkono mmoja uko juu kifuani kama mtu anayerekebisha kanga. Pale njia inapobanwa na jiwe kubwa, napita upande wa nje wenye nafasi, hata kama ni mzunguko.

Halafu kuna kelele. Hili tulilijadili ukumbini kwa hasira, na mimi nina msimamo wangu. Ukipiga yowe la "Mwizi!" kwenye mitaa yetu, watu hutoka, na hutoka na mawe. Nimeona kwa macho yangu, hapahapa Mwanza, kijana akipigwa mpaka akafa kwa ajili ya simu, na baadaye watu wakibishana kama alikuwa ndiye. Wenzangu walisema mkabaji hastahili huruma. Mimi niliyekabwa nasema sitaki mtu afe kwa kinywa changu. Tena si huruma peke yake: gizani, kundi lenye hasira halijui nani ni nani, na mume wangu akija mbio kunisaidia anaweza kupigwa yeye. Tulichokubaliana ni kupiga kelele inayosema unachohitaji: "Nakabwa! Nisaidieni! Njooni na taa!" Inawaleta watu kwako. Na ujue huwezi kupiga kelele mkono ukiwa bado shingoni. Sauti inakuja baada ya kigasha kushuka, na kuitoa kunakulazimisha kupumua, ambako kwenyewe ni msaada. Polisi wanapatikana kwa 112.

Sheria nayo iko upande wako mpaka mahali fulani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, ila kwa nguvu ya kiasi inayohitajika kwa ajili hiyo. Ukishajinasua naye amelala chini au anakimbia, kumfuata na jiwe si kujitetea tena. Ndiyo sababu nyingine ya lile zoezi la kugusa ukuta.

Nyumbani palikuwa na gharama zake. Mume wangu mwanzoni hakupenda nirudi usiku nikiwa na michubuko mikononi, nikinukia jasho la watu. Nilimwalika aje atazame, akaja, akaketi kwenye benchi kimya mpaka mwisho. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa ananikaba sebuleni kabla ya kulala. Kwanza alinishika kama yai. Ilibidi nimwambie, "Baba, ukinionea huruma hapa, kule nje sitaonewa huruma." Goti langu la kulia liliumia kwa kuanguka vibaya nikapumzika majuma kadhaa. Shingo ilikaza. Zipo asubuhi ambazo hofu ilirudi bila sababu, nikageuka njiani na kurudi ndani, na mzigo ukachukuliwa na wengine.

Hivi karibuni mchukuzi mmoja pale mwaloni alinijia nyuma kwenye kelele za magunia, akaniwekea mkono begani. Kabla sijajua, mikono ilikuwa shingoni, kidevu chini, nimeshuka na kugeuka, namtazama. Akasema, "Mwangaluka, mama, pole." Nikamjibu salamu yake ya Kisukuma. Sikumpiga. Moyo ulinidunda mpaka nilipomaliza kupakia.

Sasa tunashuka mlimani wanawake wanne au watano kwa pamoja, tumepatana na kijana wa bodaboda anayetumulikia sehemu yenye mawe makubwa, na hela kubwa tunatumiana kwa simu, kibindoni inabaki ya nauli na chai. Hilo limetuepusha na mengi kuliko viwiko vyangu vyote. Mazoezi sijaacha, kwa sababu kuna siku wenzangu hawapo.

Ukitafuta mahali pa kujifunzia, omba kutazama kipindi kizima kabla ya kulipa. Angalia kama anayeshambulia anavuta kweli, kama watu wanagonga na kuachiwa mara moja, kama wanawake wanafanya mazoezi na wanaume wakubwa kuliko wao, na kama kuna siku ya kushtukizwa. Muulize kocha kuhusu kisu. Akikuahidi kwamba utakinyang'anya, nenda kwingine. Na ukianza, nenda na kanga unayovaa kazini na viatu unavyotembea navyo njiani.